Moshi wa jikoni si shauri la mama peke yake



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia jikoni. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dar es Salaam Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati isiyojaza nyumba moshi: gesi, umeme, bayogesi na nyinginezo za namna hiyo. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, Rais alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris, ambako serikali na makampuni yaliahidi dola za Marekani bilioni 2.2 kwa ajili ya majiko ya Afrika.

Ukimwuliza mwamini yeyote baada ya Misa kama anaunga mkono jambo hili, atajibu ndiyo bila kusita. Nani apendaye moshi? Lakini mfuate nyumbani kwake jioni. Aghalabu utakuta mafiga matatu yanafuka, mama ameinama akipuliza, na mtoto yuko mgongoni. Mkakati huo ulipoandaliwa, kaya kama 9 katika kila 10 nchini zilikuwa zinapikia kuni au mkaa.

Basi, kati ya kukubali kwa mdomo na sufuria iliyo motoni pana umbali. Katika makala hii tutaeleza umbali huo unatugharimu nini kiafya, unatokana na nini, na nani hasa mwenye wajibu wa kuufupisha.

KUNA NINI NDANI YA MOSHI?

Kuni inapoungua haiishi yote kuwa majivu. Sehemu yake hupanda hewani kama moshi, na ndani ya moshi huo mna vitu viwili ambavyo yafaa kila familia ivijue.

Cha kwanza ni vumbi laini mno. Chembe zake ni ndogo hata unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzipita zaidi ya mara 20. Vumbi la barabarani hunaswa puani na kooni, nasi tunalitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Vumbi la moshi halinaswi. Linashuka hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu ambamo damu huchukua hewa, na sehemu yake huingia katika damu yenyewe. Shirika la Afya Duniani limesema kuwa katika nyumba isiyo na madirisha ya kutosha, vumbi hilo laweza kufika mara 100 ya kiasi kinachokubalika.

Cha pili ni gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na mkaa huitoa kwa wingi hata pale unapoonekana umeiva na hautoi moshi. Gesi hii hushika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala usingizi asiamke. Ndiyo maana katika sehemu za baridi za nchi yetu tunasikia habari za familia zilizoingiza jiko la mkaa chumbani usiku ili kupata joto, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Tukumbuke: mkaa usiotoa moshi si mkaa usio na sumu.

MAGONJWA YANAYOLETWA NA MOSHI

Wengi wetu tunafikiri moshi unaleta machozi na kikohozi tu. La hasha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Tulinganishe na malaria ambayo sote tunaiogopa: hiyo huua duniani watu wapatao laki 6 kwa mwaka. Kwa hapa Tanzania, Serikali imekuwa ikitaja vifo zaidi ya 33,000 kila mwaka vinavyotokana na nishati isiyo safi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba zaidi ya nusu ya vifo hivyo vya duniani havitokani na mapafu, bali ni vya magonjwa ya moyo na kiharusi. Yale mavumbi laini yaliyoingia katika damu huumiza mishipa polepole kwa miaka mingi. Mama anapopooza upande mmoja akiwa na miaka 55, watu husema ni shinikizo la damu, na wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Hakuna anayekumbuka miaka 40 aliyopuliza moto.

Magonjwa mengine ni haya:

1. Homa ya mapafu, au nimonia, hasa kwa watoto wadogo.
2. Kifua sugu, yaani mapafu kuziba taratibu hata mtu kushindwa kupanda kilima kidogo bila kutweta.
3. Saratani ya mapafu, hata kwa mama ambaye hajavuta sigara maisha yake yote.
4. Mtoto wa jicho, unaopofusha akina mama wengi.
5. Mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, mama mjamzito anapovuta moshi siku hadi siku.

Tena tusisahau kuungua. Mafiga yako chini, na mtoto anayejifunza kutembea naye yuko chini.

MZAZI, JIFUNZE KUHESABU PUMZI ZA MTOTO

Kabla ya kuendelea, tutoe elimu hii ambayo kila mzazi anapaswa kuwa nayo, awe anapikia kuni au umeme. Mtoto akikohoa au kupumua kwa shida, mtulize, mfunulie kifua, kisha hesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitazama saa. Pumzi ni za haraka kupita kiasi zikifika:

– 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
– 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
– 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Mtoto huyo apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea mno, au ana degedege, hiyo ni hatari. Usingoje kupambazuke, na usipoteze muda kwa kumchua kifua.

NISHATI SAFI NI IPI HASA?

Hapa pana mkanganyiko, nasi tuuondoe. Jiko banifu la udongo au la bati lililowekewa udongo hupunguza kuni na mkaa unaotumika. Ni jambo jema kwa mfuko na kwa msitu. Lakini kwa mapafu ya mtoto, kupunguza moshi kidogo hakutoshi. Nchini Malawi watafiti waligawa majiko yaliyoboreshwa na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa homa ya mapafu haikupungua. Majiko yalikuwa bora kuliko mafiga, lakini bado yalichoma kuni. Na kijijini moshi ulitoka pia kwa jirani, kwenye takataka zinazochomwa na kwenye tumbaku.

Nishati zinazohesabiwa kuwa safi jikoni ni umeme, gesi ya mitungi, bayogesi inayotokana na samadi, na jua. Gesi ya mitungi inatokana na mafuta ya ardhini. Kwa hiyo haiwezi kuitwa safi kwa dunia kama ulivyo umeme wa maji au wa jua. Lakini kwa anayesimama karibu na sufuria, tofauti kati yake na kuni ni kubwa mno. Ni hatua ya kweli.

Hata hivyo tusiahidi miujiza. Utafiti mwingine ulifanyika Rwanda, Guatemala, India na Peru kwa wajawazito wapatao 3,200, ambapo nusu yao walipewa jiko la gesi na gesi ya bure. Moshi waliouvuta ulipungua sana. Lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 hayakuonyesha kupungua kwa wazi kwa homa ya mapafu kali kwa watoto wao katika mwaka wa kwanza wa maisha. Maana yake nini? Si kwamba moshi hauna madhara. Maana yake ni kwamba jiko safi halichukui nafasi ya chanjo, ya maziwa ya mama na ya kuwahi zahanati. Chanjo ya nimonia inatolewa bila malipo Tanzania tangu mwaka 2013. Hakikisha mtoto wako amemaliza dozi zote. Jiko safi lisimame pamoja na hayo. Faida yake kwa moyo na mapafu ya mama hujijenga kwa miaka, kama vile madhara ya moshi yalivyojijenga kwa miaka.

KWA NINI TUNAKUBALI LAKINI HATUBADILIKI?

Wengine husema ni ujinga au ushamba. Si kweli, na si haki kusema hivyo. Wananchi wana sababu zao, na zastahili kusikilizwa moja moja.

"Gesi ni ghali." Tatizo mara nyingi ni namna ya kulipa. Mkaa hununuliwa kwa kopo, leo kidogo na kesho kidogo. Gesi hudai fedha nyingi kwa siku moja. Tuseme nyumba moja hununua mkaa wa shilingi 1,500 kila siku. Kwa siku 30 hizo ni shilingi 45,000, lakini hakuna anayeziona kwa sababu zimetoka zikiwa chache chache. Chukua daftari, andika kila shilingi ya mkaa, kuni, mafuta ya taa na kiberiti kwa mwezi mmoja, kisha ulinganishe na bei ya kujaza mtungi katika duka la kwenu. Wa mjini wengi watashangaa. Kwa yule wa kijijini anayeokota kuni bure, hesabu ni nyingine: yeye halipi kwa fedha bali kwa mgongo na saa za mkewe na binti zake. Hizo nazo ziandikwe.

"Maharage na makande humaliza gesi." Ni kweli yakipikwa makavu. Loweka usiku mzima, mwaga maji, pika kwa sufuria yenye mfuniko mzito, na baada ya kuchemka punguza moto. Mwenye umeme anaweza kutumia jiko la presha la umeme. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima mfululizo hula uniti 1. Lakini hili la presha hujizima na kujiwasha lenyewe kwa kuwa linatunza joto, hivyo sufuria ya maharage mara nyingi huiva kwa chini ya uniti 1.

"Ugali wa kuni una ladha yake." Hatubishani na ulimi wa mtu. Ila tukumbuke kuwa anayesifia ladha mara nyingi siye anayekaa motoni.

"Moshi hukausha mahindi darini na kufukuza wadudu wa paa; na moto hutupa joto." Hizi ni sababu za kweli, hasa nyanda za juu. Lakini mahindi yana njia nyingine: kuyakausha vizuri juani na kuyahifadhi katika mapipa au mifuko isiyopitisha hewa. Joto la jioni tulitafute katika nguo, blanketi na ukuta uliozibwa nyufa, kuliko kulinunua kwa mapafu.

"Gesi hulipuka." Woga huu una msingi, nasi tutaujibu hapa chini. Lakini dawa ya woga ni mafunzo.

TUJIFUNZE KWA MAJIRANI

India ilianza mwezi Mei 2016 mpango wa kuwapa akina mama maskini mitungi na majiko ya gesi, na kwa miaka iliyofuata zaidi ya kaya milioni 100 zilifikiwa. Ni kazi kubwa. Lakini wengi walipomaliza mtungi wa kwanza hawakuweza kuujaza tena, wakarudi kwenye kuni. Ndipo mwaka 2022 serikali ikaongeza ruzuku kwa kila mtungi unaojazwa. Kenya nayo ilirudisha kodi ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia mwezi Julai 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka 2022, na kuifuta mwaka 2023, baada ya wananchi kulalamikia bei.

Fundisho ni moja. Kumpa mtu mtungi ni kumfungulia mlango. Mtungi wa pili, wa tatu na wa kumi ndio unaoonyesha kama amebadilika. Serikali yetu kupitia Wakala wa Nishati Vijijini imeuza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, nasi twashukuru. Wananchi tuendelee kuuliza kwenye mikutano ya kijiji: gesi ya kujaza itapatikana wapi, kwa bei gani? Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 2,115 lilikamilika mwaka 2025. Umeme huo utafika lini jikoni mwa mkulima, kwa bei anayoiweza? Kuuliza hivyo si kupinga. Ndiko kuunga mkono.

Na ndugu zetu wanaoishi kwa kuchoma na kuuza mkaa? Wako katika jumuiya zetu, na karo za watoto wao zinatoka humo. Haitakuwa haki tuwaambie waache bila kuwasaidia kupata kazi nyingine. Anayeuza mkaa ana wateja na anajua njia za mtaa. Kwa mtaji kidogo anaweza kuwa wakala wa gesi. Halmashauri na vyama vya kukopesha viwatazame hao kwanza.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Sasa tufike kwenye kiini cha makala hii. Katika nyumba nyingi anayevuta moshi ni mama, na anayeamua fedha ziende wapi ni baba. Hapo ndipo "ndiyo" yetu inapokwama. Akina baba, hili ni lenu. Nyumba inapata simu ya pili, redio mpya, hata pikipiki, na jiko linabaki la mafiga kwa sababu aliye ndani yake halalamiki. Halalamiki kwa kuwa mama yake naye hakulalamika.

Kwa hiyo tunapendekeza:

Nyumbani. Baba na mama waketi pamoja na lile daftari la mwezi mmoja. Waamue hatua moja: kununua mtungi, kuvuta umeme, au walau kujenga jiko lenye bomba la moshi. Fedha za kujaza gesi zitengwe kama zinavyotengwa za karo, zisiachwe zitoke kwenye vijisenti vya mboga vya mama. Wenye ng'ombe wawili au zaidi wanaofugwa zizini, na maji karibu, waulize kuhusu bayogesi. Mabaki yake ni mbolea nzuri.

Katika jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya nyingi zina mchezo wa kuchangiana vyombo au fedha. Kwa nini usiwepo wa mtungi? Familia 12 zikichangiana kila mwezi, baada ya mwaka zote zina jiko. Kisha kibubu kiendelee kwa ajili ya kujaza. Wajane na wazee wasioweza kuchangia wakumbukwe. WAWATA waweza kuandaa siku ya mapishi parokiani, wenye gesi na umeme wawaonyeshe wenzao, na akina baba wa UWAKA waalikwe wakapike badala ya kuja kula tu.

Katika taasisi zetu. Mwaka 2023 Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024. Shule, seminari, hospitali na nyumba zetu za malezi zimo. Wapishi wa shule hukaa ndani ya moshi kuliko mtu mwingine yeyote, nao ni waamini wetu. Halmashauri ya parokia iulize: jiko letu linapikia nini, na kama bado ni kuni, mpango wetu ni upi na wa lini? Hatuwezi kuhubiri yale ambayo jiko letu wenyewe linayakana.

USALAMA WA GESI NA UMEME

1. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na moto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini, kwa hiyo pawe na upenyo chini ya mlango au ukutani.
2. Kagua mpira wa gesi mara kwa mara. Ukiwa na ufa, badilisha.
3. Ukitaka kujua kama inavuja, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yakitokea, inavuja. Usijaribu kamwe kwa kiberiti.
4. Ukisikia harufu ya gesi: funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Usiwashe wala kuzima taa, na usiwashe moto.
5. Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Ukimaliza kupika funga jikoni na kwenye mtungi pia.
6. Jiko la umeme lichomekwe kwenye soketi imara ukutani, siyo kwenye waya wa kuungaunga. Usiliguse kwa mikono yenye maji.

AMBAYE LEO HAWEZI AFANYE NINI?

Tunajua wapo ambao hata wakiandika daftari, fedha hazipo. Hao nao wasikate tamaa. Pikia nje au kwenye banda lililo wazi mvua isiponyesha. Toboa madirisha mawili yanayotazamana jikoni, na upenyo juu karibu na paa. Tumia kuni kavu zilizopasuliwa. Kuni mbichi ndiyo yenye moshi mwingi. Funika sufuria. Baada ya chakula kuchemka vizuri, kiingize sufuria na yote ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au majani makavu, kifunike. Wali na maharage yaliyolowekwa yataendelea kuiva humo bila moto. Mjamzito apumzishwe kazi ya kupuliza moto. Na mtoto asibebwe mgongoni jikoni: baba, kaka au bibi ampokee. Hilo halihitaji hata shilingi moja.

NENO LA MWISHO

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alipoeleza namna uchafuzi wa hewa unavyowaumiza maskini, alitaja wazi watu wanaougua kwa kuvuta moshi wa kupikia na wa kuotea. Kwa hiyo jiko la mama wa kijijini limo katika mafundisho ya Kanisa kuhusu kutunza uumbaji. Msitu unaoteketea kwa mkaa na mapafu yanayojaa masizi ni jeraha moja.

Ndugu wasomaji, mambo matatu tuyakumbuke. Moshi huua polepole, tena kupitia moyo na mishipa kuliko tulivyodhani. Jiko banifu ni hatua, lakini nishati safi ndiyo shabaha, ikienda pamoja na chanjo na kuwahi zahanati. Na kuunga mkono nishati safi kunaanza pale mwenye mfuko anapokubali kubeba mzigo pamoja na mwenye kuvuta moshi. Juma hili, akina baba, kaeni jikoni tangu moto uwashwe hadi ugali uive, bila kutoka nje kupunga hewa. Kisha mkaamue.

Mungu azibariki familia zetu.